Saladi kwenye madumu, Tanga: panda kipupwe, na ulinde mbegu na joto

SWALI: Nakaa Chumbageni, Tanga, nyumba ya kupanga yenye ua mdogo wa saruji. Napenda saladi ya majani, lakini ile ya sokoni mara nyingi nainunua imeshanyauka. Nimejaribu kuipanda mara tatu kwenye ndoo. Februari mbegu hazikuota hata moja. Mei ziliota vizuri, kisha miche ikalala chini na kufa. Septemba ilikua, lakini kufika Novemba ikarefuka kwenda juu na majani yakawa machungu, hayaliki. Kwenye intaneti nasoma kwamba watu wa Ulaya wanapanda saladi majira ya baridi, dirishani. Na sisi kipupwe ndicho hiki kinaingia. Nijaribu tena, au hii ni mboga ya Lushoto tu?

JIBU: Jaribu tena, dada, na usisubiri hadi Agosti. Anza wiki ya kwanza ya Juni. Hizo mara tatu hukurudia kosa moja. Ulikutana na matatizo matatu tofauti, kila moja na mwezi wake, na yote matatu yana dawa.

Kwanza uweke kando ushauri wa Ulaya, maana unawapoteza wengi wa pwani. London mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana haufiki saa 8, na jua lenyewe linapita chini chini. Mkulima wa kule anatafuta mwanga na anakimbia baridi, ndiyo maana anaambiwa aweke chombo kwenye dirisha lenye jua, afunike kwa kioo au nailoni, na asimwagilie sana. Hapa Tanga mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Siku ndefu na siku fupi hazipishani hata saa nzima. Mwanga tunao wa kutosha na kubaki. Adui yetu ni joto, na hasa joto la udongo, kwa sababu mbegu na mizizi ndivyo vinavyoumia kabla hujaona dalili yoyote kwenye jani. Ukifunika kitalu kwa nailoni hapa, umeziivisha mbegu.

Lushoto wanafanikiwa kwa sababu wako mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo wao wana nyuzi 8 pungufu ya zetu, masika na kiangazi. Saladi hustawi vizuri kati ya nyuzi 15 na 22. Sisi hatufiki huko, lakini kuanzia Juni hadi Agosti, kusi linapovuma, usiku wa Tanga hushuka hadi karibu nyuzi 20 na mchana huwa kwenye 28 hivi. Hiyo inatosha kuvuna majani. Vichwa vilivyofunga kama kabichi usivitarajie pwani: mbegu iliyoandikwa Great Lakes ni ya vichwa, na kwa joto letu itakupa majani yaliyolegea tu. Dukani ulizia saladi ya majani, kama Lollo Rossa, Lollo Bionda, Salad Bowl au Black Seeded Simpson. Ile ya majani marefu yaliyosimama, Parris Island Cos, nayo inakubali ukiichuma ingali changa.

Sasa Februari. Mbegu zako huenda zilikuwa nzima kabisa. Mbegu ya saladi ikilowa maji wakati udongo umevuka nyuzi 28 au 30, hujifunga na kulala. Haijaoza, haijafa, inangoja ubaridi, na mara nyingine hata udongo ukija kupoa inaendelea kulala. Ndoo nyeusi iliyokaa juani kwenye sakafu ya saruji inaweza kuvuka nyuzi 40 saa 8 mchana. Kuna jambo la pili: aina nyingi za saladi zinahitaji mwanga ili ziote. Ukizifukia sentimita 2 kama unavyofukia maharage, hazioti hata kwenye ubaridi.

Fanya hivi. Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweshe na ukikamue kisidondoke maji. Nyunyiza juu yake mbegu kidogo, kiasi cha kubana kwa ncha za vidole viwili mara moja; hapo una mbegu 50 hivi, na zinatosha. Gramu moja ina karibu mbegu 1,000, kwa hiyo kile kipakiti kidogo ni cha misimu miwili, si cha siku moja. Kunja kitambaa, kitie kwenye bakuli lenye kifuniko, weka friji sehemu ya chini, siyo kwenye barafu, kwa siku 2. Huna friji? Kiegemeze kitambaa kwenye ubavu wa mtungi wa maji ndani ya nyumba. Maji yanayotoka kwenye vitundu vya udongo wa mtungi yanapoza kitambaa, na kwa usiku wa Julai ubaridi huo unatosha.

Siku ya pili, saa 12 jioni, zimwage kwenye kitalu, yaani trei yenye udongo. Jioni, nasisitiza, kwa sababu saa za mwanzo ndizo zinazoamua, na usiku wa kwanza utaipa mbegu saa 12 za ubaridi kabla jua halijarudi. Zibonyeze juu ya udongo uliolowa, kisha chekecha mboji laini juu yake, unene wa nusu sentimita usizidi. Kitalu kiwe kivulini penye mwanga, barazani kwa mfano. Siku ya 3 hadi ya 5 utaona kijani. Zikipita siku 10 kimya, usiendelee kumwagilia kwa matumaini, anza upya.

Sisimizi wanazipenda sana mbegu hizi na hubeba kitalu kizima usiku mmoja, ukadhani hazikuota. Weka trei juu ya makopo manne, na kila kopo likae ndani ya kisahani cha maji.

Mbegu zilizobaki usiziache kwenye droo. Unyevu wa pwani unaziua katika miezi michache. Tia kipakiti kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vijiko vitatu vya mchele uliokaushwa kwenye kikaango na kupoa, kisha weka friji.

Kilichoua miche ya Mei wakulima wanakiita kinyausi. Ni vimelea vya udongo vinavyokata shina pale linapogusana na ardhi. Mche unalala, na ukiuinua shina ni jembamba kama uzi uliolowa. Vinashamiri kwenye udongo uliojaa maji, miche iliyobanana na hewa isiyopita, na Mei katikati ya masika vyote vitatu vipo. Mche ukishalala hauponi. Kinga ndiyo kazi: udongo wa kitalu uumwagie maji yanayochemka mpaka yatoke chini, uache upoe siku nzima kabla ya kusia. Miche ikishaonyesha majani mawili, ng'oa iliyozidi hadi kila mmoja uwe na nafasi ya sentimita 2. Na usiinyeshee kwa juu. Weka trei ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 kwa dakika 15, udongo unyonye kutoka chini, kisha itoe ijichuje. Fanya hivyo asubuhi.

Kwa chombo cha kukuzia, tunapendekeza dumu la njano la mafuta ya kula la lita 20 kuliko ndoo. Lilaze, kata ubavu wa juu wote, ubavu wa chini toboa matundu 8 kwa msumari uliopashwa moto. Unapata kihori cha kina cha sentimita 20 na zaidi, na saladi haihitaji zaidi ya 15. Lipandishe juu ya matofali mawili. Saruji inahifadhi joto la mchana hadi usiku, na dumu likikaa moja kwa moja sakafuni mizizi haipumziki. Usiweke kokoto chini kwa nia ya kutoa maji. Wengi wanafanya hivyo, lakini maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanasimama juu yake, na unachofanya ni kusogeza tope karibu na mizizi.

Dumu moja linachukua lita 15 hivi za mchanganyiko: lita 6 za udongo mweusi wa juu, lita 5 za mboji au samadi iliyooza hadi ikawa haina harufu, na lita 4 za makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukatwakatwa. Makumbi ndiyo hazina yetu watu wa pwani, yanashika maji na bado yanapitisha hewa. Ila uliza yametoka wapi. Yakiwa yalifukiwa pwani ili yatolewe nyuzi za kusokotea kamba, yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu. Mchanga wa ufukweni usiutie kabisa, una chumvi na vipande vya kombe. Majivu pia acha. Udongo wetu mahali pengi umekaa juu ya mawe ya matumbawe na tayari una chokaa. Ukiongeza majivu, majani machanga yatakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu mmea haupati tena madini ya chuma hata kama yamo.

Samadi mbichi ni hatari, na hapa hatulegezi. Haya ni majani yanayoliwa bila kupikwa. Samadi ya ng'ombe au ya kuku irundikwe, igeuzwe na iachwe miezi 4 kabla haijagusa dumu la saladi. Yale maji ya samadi iliyolowekwa, ambayo yanafaa kwenye migomba, kwenye saladi usiyatumie.

Miche ikifika wiki 3 na majani manne, ihamishe saa 11 jioni, sita kwa dumu, katika mistari miwili. Ule moyo katikati ya majani ubaki juu ya udongo, ukifukiwa, unaoza. Tandaza nyasi kavu au makumbi juu, unene wa sentimita 2, yasiguse shina.

Mahali pa kuweka madumu panahitaji fikra kidogo. Miezi ya Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha nyumba adhuhuri kinaangukia kusini. Ungetaka kuyaweka huko, lakini ndiko kusi linakotokea, na upepo huo unakausha jani haraka kuliko mizizi inavyoweza kulinywesha; karibu na bahari unabeba na chumvi. Ukuta wa mashariki ndio mzuri zaidi. Pale saladi inapata jua la asubuhi hadi kama saa 5, na jua la mchana linazuiwa na nyumba yenyewe. Upande wa kusini wa madumu simamisha kuti moja kama kikinga upepo. Kama ua wako hauna ukuta wa mashariki, tengeneza dari la makuti yaliyoachana, lenye kimo cha mita moja na nusu kutoka chini, au neti ya kivuli inayozuia nusu ya jua, ifunike kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Halafu vika madumu gunia la katani kuukuu na ulimwagie maji saa 6 mchana. Gunia linapokauka linaondoa joto la dumu. Kama hulipati, paka madumu chokaa nyeupe kwa nje.

Maji: dumu moja linahitaji karibu nusu lita kwa siku, na siku ya kusi kali robo tatu. Mwagilia saa 12 asubuhi, kwenye udongo. Jioni majani yanalala yakiwa mabichi na ubwiri unaingia. Ukiona majani yamelegea saa 8 mchana lakini udongo ndani umelowa ukitia kidole, ni joto tu, jioni yatasimama; ukiongeza maji hapo unaozesha mizizi. Siku ya mvua za mchoo usimwagilie kwa mazoea, tia kidole kwanza.

Chanzo cha maji kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Maji ya bomba ya jiji la Tanga yanatoka mto Zigi, bwawa la Mabayani, na ni mazuri kwa kazi hii. Visima vya karibu na bahari ni suala jingine. Saladi haistahimili chumvi: kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia, mmea unadumaa, na juu ya udongo panabaki ukoko mweupe. Kama kisima ndicho pekee ulicho nacho, kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati uyachanganye nusu kwa nusu, na mara moja kwa wiki mwagilia kwa wingi hadi yatiririke chini ya dumu, ili yasukume chumvi nje.

Mbolea ya dukani si lazima kwa mwezi wa kwanza ikiwa mboji yako ni nzuri. Siku 14 baada ya kuhamisha, ukiona majani ya chini yanakuwa ya njano, yeyusha gramu 5 za urea, yaani kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha, kwenye ndoo ya lita 10. Kila dumu lipewe nusu lita ya maji hayo kwenye udongo, si juu ya majani, kila baada ya siku 10. Ukizidisha, majani yanakuwa kijani kilichoiva, laini na makubwa, na vidukari watakuja kabla yako.

Vidukari hao wanakaa chini ya jani. Nawa kwa maji ya kasi kidogo. Wakirudi, changanya kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, asubuhi suuza. Sumu za wadudu usipulize kwenye mboga unayoivuna kila siku tatu na kuila mbichi. Konokono wanatoka usiku baada ya mvua. Waokote kwa tochi. Na kuku wa jirani wanahitaji neti, hakuna njia nyingine.

Tufike kwenye uchungu wa Novemba. Kata shina la saladi utaona utomvu mweupe kama maziwa. Uchungu umo humo. Unaongezeka mmea ukizeeka, ukikosa maji siku moja na kupata mengi siku ya pili, na zaidi ya yote ukipata joto na kuamua kuzaa. Hapo moyo unanyanyuka, majani yanachongoka na kuachana, na shina la maua linapanda. Kulikata kilele hakusaidii, kwa kuwa uamuzi umeshafanyika ndani. Ulichosia Septemba kilikomaa kaskazi likiwa limeanza, kwa hiyo hakikuwa na nafasi.

Kwa hiyo sia kidogo kidogo: madumu mawili wiki ya kwanza ya Juni, mawili baada ya siku 14, mawili tena baada ya hapo, na usie mara ya mwisho katikati ya Agosti. Madumu 6 yanawatosha watu 5 kwa sahani ya saladi mara tatu kwa wiki hivi. Anza kuchuma siku ya 30 hadi 35 baada ya kuhamisha, majani ya nje yakiwa na urefu wa kiganja. Kila mmea uchume mawili au matatu, uache yasiyopungua matano na moyo usiuguse. Ukitaka kukata mmea wote mara moja, kata vidole viwili juu ya moyo na utachipua tena baada ya siku 10 hadi 14. Aina hizi huvumilia kukatwa hivyo mara tatu, baada ya hapo ng'oa. Chuma alfajiri, kabla ya saa 1 asubuhi, jani likiwa limejaa maji. Lililochumwa saa 7 mchana limeshanyauka kabla halijafika jikoni. Osha jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka, kung'uta, funga ndani ya kitambaa kikavu, weka friji. Litakaa siku 5 likiwa bado linavunjika kwa mlio, na ndimu tia mezani, si mapema.

Kama una hamu na huwezi kungoja, sia roketi, mboga ya majani yenye ladha kali, kwenye dumu moja pembeni. Inaota siku ya 3 hadi ya 5, na unaanza kuikata ikiwa na wiki 4. Mbegu za giligilani nazo zipo jikoni kwako: ziviringishe chini ya chupa zipasuke nusu kwa nusu, loweka usiku mmoja, sia. Kaskazi likirudi na saladi ikikataa, madumu hayo hayo yapandie nderema. Machipukizi yake machanga yanaliwa mabichi, na joto la Februari lililozilaza mbegu zako ndilo linaloistawisha.